Somo la Robo Hii: Kuchagua na Kutumia Boksi la Intaneti kwa Runinga ya Nyumbani na ya Parokia



Katika mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, si ajabu siku hizi kukuta runinga bapa ukutani katika nyumba ambayo bado haijapigwa plasta. Duara likitoa mawe mazuri, runinga huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Katoro, Kakola, Nyarugusu, Masumbwe na Mwakitolyo, pale ambapo nyumbani hakuna runinga, watoto huenda kwenye vibanda umiza. Huko hutazama chochote kilichowekwa na mwenye kibanda, mpaka saa yoyote atakayopenda kufunga.

Kwa sababu hiyo kamati nyingi za parokia hujiuliza kama ni vema kununua kifaa cha kuleta video za intaneti kwenye runinga ya ukumbi au ya kituo cha vijana. Familia nazo huuliza hivyo hivyo kuhusu sebule zao. Somo hili limeandaliwa ili kusaidia uamuzi huo. Linaweza kusomwa kwa vipindi viwili katika kikao cha kamati au katika jumuiya ndogo ndogo.

LENGO LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili wanakamati wataweza:
1. kutambua ni kifaa kipi kinafaa kwa runinga, mtandao na umeme walio nao;
2. kukadiria gharama ya kila mwezi kabla ya kununua;
3. kuepuka maboksi yenye hatari;
4. kuweka utaratibu wa nini kitazamwe, na nani, na kwa saa ngapi.

TULIKOTOKA

Zanzibar ilianza kurusha runinga katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Badiliko kubwa la pili lilikuja tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Mwanza ikafuata mwanzoni mwa 2013, na mikoa mingine baadaye kwa awamu. Hapo ndipo neno king'amuzi lilipoingia katika kila nyumba.

Badiliko la tatu ndilo tulilo nalo sasa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mkongo wa taifa ukasambaza mawasiliano hayo hadi mikoani, na minara ya simu ikaongezeka vijijini. Leo video inaweza kumfikia mtu kwa njia ya simu bila antena wala dishi. Boksi la intaneti ni kifaa kidogo kinachochukua video hiyo na kuipeleka kwenye kioo kikubwa cha runinga.

Ni muhimu kutofautisha vitu viwili. King'amuzi hupokea matangazo yanayorushwa hewani kwa watu wote kwa pamoja, hivyo hakili bando. Boksi la intaneti huita video moja kwa ajili ya nyumba moja, na kila dakika inayotazamwa hulipiwa kwa bando. Wengi hununua boksi wakidhani watakuwa wameachana na malipo ya kila mwezi. Kumbe wamehamisha malipo kutoka kwenye kifurushi cha king'amuzi kwenda kwenye bando.

HATUA YA KWANZA: KAGUA MLICHO NACHO

Runinga. Tazameni nyuma na ubavuni. Tundu la HDMI ni bapa, na ndilo linalotumiwa na karibu maboksi yote ya sasa. Runinga ya kichogo hainalo. Ina matundu matatu ya rangi nyekundu, nyeupe na njano. Kwa runinga ya namna hiyo mtahitaji kibadilishio cha HDMI kwenda AV, na maandishi madogo hayatasomeka vizuri. Kama runinga ni janja, yaani inaingia kwenye intaneti yenyewe, huenda hamhitaji boksi lolote. Hakikisheni kwanza kabla ya kutumia fedha.

Mtandao. Msitegemee maneno ya muuzaji. Chukueni simu janja mahali runinga itakapokaa, mkapime kasi saa nne asubuhi na tena saa mbili usiku, kwa siku tatu. Saa mbili usiku watu wengi huwa mtandaoni na kasi hushuka. Jaribuni laini za kampuni mbalimbali, maana mnara unaofaa Kahama mjini si lazima uwe unaofaa Segese. Kwa video ya kawaida, megabiti 2 kwa sekunde zinazodumu zinatosha. Kwa picha safi zaidi zinatakiwa 5. Mkikuta chini ya 1, boksi halitawafaa, hata likiwa la bei kubwa.

Umeme. Mahali ambapo laini moja inahudumia makarasha na nyumba za watu, umeme hupanda na kushuka. Nunueni kilinda umeme kwa ajili ya runinga na boksi. Kisha tumieni chaja iliyokuja na boksi, msichukue umeme kutoka tundu la USB la runinga, kwani mara nyingi hautoshi na boksi huzima na kuwaka lenyewe.

Kwa vigango vinavyotumia sola, hesabu ni hii. Runinga ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 40, boksi wati 5, na rauta wati 10. Jumla ni wati 55. Kwa saa 4 ni wati-saa 220. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya kawaida ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Hivyo hata ukihesabu hasara ya invata, betri hiyo inabeba jioni mbili zisizo na jua. Runinga ya kichogo hula karibu mara mbili, na hesabu hiyo haitakubali.

HATUA YA PILI: PIGENI HESABU YA BANDO

Hapa ndipo miradi mingi inapokufa. Boksi hununuliwa kwa shangwe, bando la kwanza huisha, na baada ya miezi miwili kifaa kinafunikwa na vumbi.

Kwa makadirio, saa moja ya video ya kiwango cha kawaida hutumia takriban GB 0.7. Saa moja ya kiwango cha juu inaweza kufika GB 3. Kiwango cha juu kabisa kinaweza kufika GB 7, na hakina maana kwenye runinga ndogo.

Tuchukue ukumbi wa parokia unaofunguliwa Jumamosi na Jumapili, saa 2 kila siku. Kwa wiki nne ni saa 16. Kwa kiwango cha kawaida ni GB 11.2, kwa kiwango cha juu ni GB 48. Sasa tuchukue familia inayotazama saa 3 kila siku. Kwa siku 30 ni saa 90, yaani GB 63 kwa kiwango cha kawaida, na GB 270 kwa kiwango cha juu.

Mwekahazina achukue bei ya GB moja kwa kampuni yenye mtandao mzuri hapo penu, azidishe, kisha azidishe tena kwa miezi 12. Jumla hiyo iandikwe kwenye mukhtasari karibu na bei ya boksi. Mara nyingi bei ya boksi itaonekana ndogo mbele ya bando la mwaka mmoja. Kikao kikishaiona hesabu hiyo, uamuzi wake utakuwa wa kweli.

HATUA YA TATU: CHAGUENI NJIA

Njia ya kwanza ni king'amuzi peke yake. Kinafaa ambapo watu wanataka taarifa ya habari, TBC1 na chaneli nyingine za ndani, au mpira. Kwa wanaotaka Simba na Yanga, wakumbuke kwamba mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu. Boksi la intaneti halileti ligi bure. Anayesema lake linaleta anauza njia ya wizi.

Njia ya pili ni flashi au diski. Mtu mmoja hupakua masomo mahali penye intaneti nzuri na nafuu, kwa idhini ya wenye kazi hizo, kisha huyaleta ukumbini. Masomo ya kilimo, afya, uchimbaji salama na mafundisho ya watoto yanafaa sana kwa njia hii. Bando hutumika mara moja tu, na somo likaonyeshwa mara kumi. Faili za MP4 husomwa na runinga nyingi. Kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, faili moja lisizidi GB 4. Kwa vigango vingi vya mbali, hii ndiyo njia bora, na haihitaji boksi.

Njia ya tatu ni boksi au stiki ya intaneti. Inafaa ambapo mtandao umepimwa na kuonekana mzuri, bando limewekwa kwenye bajeti, na yupo mtu wa kusimamia. Tafuteni lenye cheti cha Google au la kampuni inayojulikana, lenye rimoti yake, na lenye angalau GB 2 za RAM.

Njia ya nne ni runinga janja. Ifikirieni pale tu runinga ya zamani imeharibika. Runinga hudumu kuliko programu zake; baada ya miaka kadhaa programu huacha kufanya kazi ingawa kioo bado ni kizima. Hapo boksi dogo linaweza kuirudishia uhai.

HATUA YA NNE: JIHADHARINI NA BOKSI LA BEI YA KUTUPA

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa mitandao walieleza hadharani kwamba maboksi mengi ya Android ya bei ndogo yalikuwa yamewekewa programu ovu kabla hayajafika kwa mnunuzi. Walizipa jina la BADBOX. Juni 2025 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu toleo jipya la uovu huo, lililoathiri mamilioni ya vifaa duniani.

Boksi la namna hiyo hufanya kazi kama kawaida. Picha inaonekana, watoto wanafurahi. Lakini kwa siri linawapa wahalifu njia ya kupitia intaneti yenu, ili uhalifu wao uonekane umetoka kwenu. Pia linakula bando usiku watu wakiwa wamelala. Na siku hizi simu ileile inayotumia intaneti hiyo ndiyo yenye M-Pesa na akaunti ya kikundi.

Dalili za kuangalia ni hizi:
- boksi halina jina la mtengenezaji anayejulikana;
- muuzaji anaahidi chaneli zote za kulipia bure maisha yote;
- linakuomba uzime ulinzi wa Google Play Protect;
- programu zake hupatikana kwenye soko lisilojulikana.

Mkiona hata dalili moja kati ya hizo, msinunue. Kama lipo tayari, litoeni kwenye intaneti na mbadilishe nywila zote zilizoingizwa humo.

Hata kifaa cha kampuni kubwa kina mwisho wake. Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2015, ziligoma ghafla duniani kote kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani kilikuwa kimekwisha muda. Google ilituma marekebisho baada ya siku chache, lakini waliokuwa na haraka ya kufuta kila kitu na kuanza upya walipata taabu zaidi. Fundisho ni kwamba kifaa kikigoma, ulizeni kwanza kabla ya kubonyeza. Na kwenye bajeti, msikihesabu kifaa hiki kama mali ya miaka kumi. Wekeni akiba ya kukibadilisha.

HATUA YA TANO: MANUNUZI NA UTUNZAJI

1. Pateni bei kutoka maduka matatu, na risiti ya EFD yenye jina la parokia.
2. Jaribuni kifaa dukani kikiwa kimewashwa, na mpate hati ya dhamana.
3. Akaunti ya boksi ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya parokia, si ya kijana mmoja. Kijana akihamia Mwanza, asihame na funguo.
4. Nywila iandikwe na kutunzwa na watu wawili.
5. Wekeni kiwango cha picha kuwa cha kawaida, na zimeni uchezaji wa video wa mfululizo. Bando nyingi huteketea runinga ikijiendeshea yenyewe bila mtazamaji.
6. Wekeni PIN kwenye manunuzi, na mpangilio wa watoto.
7. Boksi lifunikwe kwa kitambaa lisipotumika, lakini lisifunikwe likiwa limewaka. Vumbi jekundu na joto ndivyo vinavyoua vifaa vyetu.
8. Pawepo daftari: tarehe, kilichoonyeshwa, idadi ya watazamaji, bando lililotumika.

Jambo la kisheria lisisahauliwe. Kifurushi cha nyumbani ni ruhusa ya nyumbani. Ukumbi wenye watu hamsini ni hadhara, hata kama hakuna kiingilio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi dhidi ya kuonyeshwa kwa kazi zao hadharani bila idhini, na Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa madaraja ya umri. Kabla ya kufungua ukumbi, kamati imwone Afisa Utamaduni wa halmashauri na kuuliza utaratibu wa COSOTA. Parokia haiwezi kufundisha uaminifu kwa filamu iliyoibwa.

HATUA YA SITA: TUNATAZAMA NINI?

Ndugu wanakamati, kifaa ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni kile kinachotoka kwenye kioo.

Mikoa yetu ina jeraha ambalo halijapona. Kwa miaka mingi akina mama vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia watoto na wajukuu. Aidha watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, imani iliyopata nguvu katika maeneo ya uchimbaji na uvuvi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe. Hilo halikutokea mbali; lilitokea kwa majirani zetu.

Sasa fikirini filamu ambayo bibi mzee ndiye mchawi, na kijana hutajirika baada ya kafara ya damu. Mtu mzima anaweza kusema ni maigizo. Lakini mtoto wa miaka tisa anayeitazama usiku, katika kijiji ambacho tayari kuna bibi anayenyooshewa kidole, anaiona kama ushahidi. Hatusemi filamu ndiyo iliyoua. Tunasema filamu ya namna hiyo haifai kupata meza katika ukumbi wetu, na ikionekana sebuleni mzazi asinyamaze. Akae na watoto, awaulize: je, bibi huyu amethibitishwa na nini? Macho ya bibi yetu yamekuwa mekundu kwa nini? Mtu aliyechimba miezi sita bila kupata kitu anahitaji nini, mganga au ushauri wa jiolojia?

Maswali hayo matatu yana thamani kuliko PIN yoyote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kwa utaratibu wa ukumbi tunashauri yafuatayo: kamati ndogo ya watu wanne, wakiwemo mama mmoja na kijana mmoja, itazame kila kitu kwanza, wanafunzi wawe nyumbani kabla ya saa moja jioni siku za shule, mtu mzima awepo wakati wote, na vipindi vya kufurahisha vichanganywe na vya kujifunza. Vijana hawatakuja kutazama somo la matone ya zebaki na afya ya mchenjuaji peke yake. Wakiletewa pamoja na vichekesho vizuri, watakuja, na zebaki wataisikia.

NENO KWA MARAFIKI WANAOCHANGIA

Tunashukuru kwa moyo wa kutuma vifaa. Tunaomba, kabla ya kutuma boksi kutoka nje, mwulize mambo matatu: je, linakubali umeme wa volti 230 na soketi ya pini tatu za mraba; je, huduma zake zinafunguka Tanzania, maana baadhi ya vifaa na vifurushi vimefungwa kwa nchi fulani; na je, parokia imeonyesha hesabu ya bando la mwaka mzima? Mchango wa bando, kilinda umeme na mafunzo ya msimamizi hauna picha nzuri ya kupiga, lakini ndio unaofanya kifaa kiwe hai mwaka wa pili. Na parokia ikiwaandikia kwamba baada ya kupima imeamua kutumia flashi, pokeeni jibu hilo kwa furaha. Fedha iliyobaki ni dawati au shuka la zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kigango chetu, mtoto wa darasa la nne yuko wapi saa mbili usiku siku ya shule? Anatazama nini, na nani yuko naye?
2. Pigeni hesabu ya bando kwa ukumbi wenu kwa miezi 12. Ni nani atakayelipa mwezi wa saba?
3. Je, kuna bibi au mtu mwenye ualbino katika jumuiya yetu anayeishi kwa hofu? Kitu gani tunachokitazama kinaongeza hofu hiyo, na tunaweza kuonyesha nini cha kuipunguza?
4. Kati ya njia nne zilizotajwa, ipi inatufaa sasa? Toeni sababu mbili.

Zoezi: kabla ya kikao kijacho, watu wawili wapime kasi ya mtandao ukumbini kwa siku tatu, na mwekahazina alete bei ya GB moja kwa kampuni mbili. Majibu yaandikwe kwenye mukhtasari hata kama uamuzi utakuwa ni kutonunua.